Bonge la Nane

Nilinunua mabonge manane ya uzi wa sufu, rangi ya damu ya mzee, katika duka dogo karibu na stesheni ya Stechford, nililoelekezwa na mwenzangu mmoja wa kazini. Kutoka kwangu Northfield hadi huko ni treni mbili na subira, na mvua ya Oktoba ilikuwa inanipiga mgongoni. Uzi wa plastiki ningeupata hata karibu na nyumbani. Lakini nilitaka sufu ya kweli, kwa sababu mama yangu alikuwa amesema neno likanikaa moyoni. Alikuwa jikoni kwangu, amejifunga shuka juu ya koti juu ya sweta, anajikanda vidole vilivyopindishwa na baridi yabisi. Akavitazama, akasema, "Vidole hivi vimebakisha sweta moja tu. Baada ya hiyo, basi."

Sweta moja. Na mabinti tuko wawili.

Mtu asinidanganye kwamba watu wazima hawaoni wivu. Nimepita hamsini, nina funguo za nyumba yangu, nawaosha na kuwalisha wazee wa watu kwa mshahara, na bado nilikuwa naona wivu wa sweta. Mama alikuwa amekuja kututembelea huku ughaibuni kutoka Kenya, miezi mitatu kwangu, kisha mwezi wa mwisho kwa mdogo wangu kule Moseley. Mdogo wangu ni mfamasia. Ana mume, watoto wawili, na nyumba ya zamani yenye dari ndefu na dirisha kubwa la mbele lenye vioo vitatu. Mimi nina vyumba viwili na hita inayokohoa. Sisemi haya kwa ubaya. Basi, nasema kwa ubaya kidogo.

Lakini huo si wivu wenyewe. Wivu wenyewe ulianza siku nilipopewa jina. Kwetu binti wa kwanza huchukua jina la mama yake baba, na wa pili huchukua jina la mama yake mama. Jina halikai bure, huja na cheo chake. Mimi nikawa mama mkwe wa mama yangu mzazi, na mdogo wangu akawa mama yake. Tangu nikiwa na meno ya maziwa mama aliniita "mama mkwe", kwa utani ambao haukuwa utani wote. Na mdogo wangu, mama alimwita "mami". Sasa fikiria. Mama mkwe hupewa kiti. Mami hupewa mapaja.

Na kulikuwa na yale masweta. Kila Januari shule zikifunguliwa, mama alinifumia sweta ya uzi mpya, kwa sindano ambazo baba alizichonga kutoka kwa spoki za baiskeli, akizinoa kwenye jiwe. Mwaka ukiisha mikono imenibana, mama aliniketisha mbele yake, akatafuta ule uzi wa mwisho kwenye kola, akavuta. Trrr. Sweta yangu ilifumuliwa machoni pangu, mstari kwa mstari. Uzi ulifuliwa, ukaanikwa ukiwa umetundikiwa jiwe ili unyooke, kisha ukafumwa tena ukawa sweta ya mdogo wangu. Kila nguo niliyowahi kuipenda niliiona ikifa, na wiki ya tatu nikaiona ikitembea mgongoni mwa mtu mwingine. Nikilia, mama alisema, "Wewe ni mkubwa." Hapo mazungumzo yalikuwa yameisha.

Kwa hiyo niliponunua uzi ule niliuweka kitandani kwa mama bila kusema kitu. Hapo ndipo nilipokosea. Ningefungua mdomo niseme, mama, naomba. Lakini haki ya kuombwa ni haki gani hiyo? Nilitaka ajue mwenyewe. Mama aliushika, akaunusa, akatoa tabasamu. "Ubarikiwe, mama mkwe," akasema. Wiki hiyo hiyo zamu ya Moseley ikafika. Nilimsaidia kufunga sanduku, na mfuko wa uzi aliuweka juu ya nguo zote.

Nikaanza kwenda Moseley kila Jumapili baada ya kanisa, kwa basi mbili, kwenda kumwona mama. Uongo. Nilikwenda kuiona sweta.

Jumapili ya kwanza nilimkuta mama nje na ufagio. Majani ya miti ya mtaa ule huanguka kwa fujo msimu huo, na mama hawezi kuamka mahali pachafu akanywa chai kwa amani. Alikuwa amefagia mbele ya nyumba ya mdogo wangu, akaendelea kwa jirani, na jirani wa jirani, akiinama kama kwao. Mzee mmoja Mwingereza alisimama mlangoni na kikombe mkononi, hajui kama ashukuru au apige simu polisi. Mdogo wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka. Miezi mitatu Northfield mama hakuwahi kushika ufagio wangu. Kwangu alikaa kwenye kiti kama mgeni, akisema asante kwa kila kikombe. Ndani, pindo la sweta lilikuwa limeanza, vidole vinne upana.

Nilirudi nyumbani nikatoa cherehani. Niliwaza, huenda ni baridi iliyomkimbiza kutoka kwangu. Nikashona mapazia mazito ya chumba alicholala, nikayawekea blanketi kwa ndani, pindo limenyooka utadhani limepigwa rula. Jumapili iliyofuata nikabeba pazia moja hadi Moseley kumwonyesha, nikisema kwamba chumba chake sasa kina joto, akitaka arudi hata kesho. Mama alilipapasa. Akalikunjua, akakagua mshono mbele na nyuma.

"Mkono wako umenyooka," akasema. "Hebu mshonee na mami. Nyumba yake inaingiza upepo."

Vioo vitatu! Na nilishona. Jioni nne baada ya kazi, mguu kwenye pedali, nikimsengenya mdogo wangu kwa cherehani kwa kuwa hakukuwa na mtu mwingine wa kunisikiliza. Wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda, husema waliotangulia. Mimi sikukonda. Nilikula keki nzima ya karoti peke yangu.

Jumapili ya tatu kulikuwa na jua, tukaenda bustani kubwa iliyo karibu. Chini ya miti fulani kulikuwa kumejaa mbegu za kahawia zinazong'aa, za mviringo. Mama alisimama ghafla. "Ngai! Makadamia zinaoza chini na watu wanapita tu!" Kwetu makadamia ni mali, hupandwa, huchungwa, huibwa. Kabla hatujasema lolote alikuwa amepiga magoti, anajaza mifuko ya koti, kisha skafu yake, kisha kofia ya mjukuu. Yule mjukuu, msichana wa miaka saba anayeelewa Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza, alimweleza kwa utaratibu kwamba hizo haziliwi, watoto huzitoboa wakazitia kamba wakazigonganisha. Mama akamwambia, "Wewe ulizaliwa juzi." Nyumbani akapasua moja kwa mti wa kusukumia chapati, akauma. Uso ulivyojikunja! Akatema kwenye sinki, akasukutua mara tatu, mdogo wangu akimsugua mgongo, wote wawili wameegemeana wakicheka machozi yakiwatoka.

Mimi nilikuwa nimeshika glasi ya maji ambayo hakuna aliyeihitaji. Nikaiweka mezani, nikaenda kuangalia sweta. Mgongo ulikuwa umekamilika. Ilikuwa kazi ya mama ile niliyoijua tangu utotoni, laini, haina hata kitanzi kimoja kilichozubaa. Niliibandika shavuni.

Jumapili ya nne ndiyo ile ambayo nchi hii hurudisha saa zote nyuma kwa saa moja, kwa ajili ya majira ya baridi. Mama alikuwa amekasirika tangu asubuhi. "Saa ya Mungu inarudishwaje? Nani aliwaruhusu?" Nami kwa sababu ya saa hizo nilifika mapema kuliko walivyonitarajia. Nikaingia sebuleni nikamkuta mdogo wangu amesimama katikati ya mapazia yangu, mikono ameinyoosha pembeni, na mama amembandika sweta kifuani. Mgongo, mbele, na mkono mmoja uliokwisha. Mama anavuta bega, anapima kwa shibiri, anasema, "Hapa pamekaa, mami. Geuka."

Ilimkaa sawasawa. Mdogo wangu ni mwembamba na mimi si mwembamba, kwa hiyo hapakuwa na la kujidanganya.

Nilisalimia. Nikaulizia watoto. Nikasema chai ni tamu, na chai yenyewe sijui ilikuwa na ladha gani. Walipokwenda jikoni kupakua chakula nilibaki na mfuko wa uzi miguuni pangu. Bonge moja lilikuwa limebaki chini, la nane, halijaguswa, karatasi yake bado imelizunguka. Nililiokota nikalitia kwenye begi langu la kazi, chini ya sare. Ningependa kusema sikuwaza. Niliwaza. Niliwaza kwamba sweta ya mkono mmoja haivaliki.

Jumatano mdogo wangu akapiga simu. "Mkubwa, hukuona bonge moja la uzi? Mama anasema alihesabu nane."

"Mimi? La," nikasema. "Labda watoto wamechezea."

Akasema sawa. Baadaye nilisikia alikuwa ameendesha gari hadi Stechford. Mwenye duka alimwambia rangi ya mkupuo ule imekwisha, na iliyokuja baadaye imeng'aa zaidi. Mama akakataa kuigusa. "Sweta ya rangi mbili si sweta," alisema, "ni bendera."

Jumamosi ya mwisho kabla mama hajasafiri nilikwenda kumsaidia kupanga sanduku. Ulikuwa msimu ule wa fataki, na mdogo wangu na mumewe walikuwa wamewapeleka watoto kuziangalia. Tulibaki sisi wawili. Nje kulikuwa kunalia pa, papapa, na mama kila mara akitikisa kichwa, akisema wanachoma chakula cha mwaka mzima. Sweta ilikuwa mapajani mwake, ina mkono mmoja. Nikashindwa kuvumilia.

"Mama, uzi ule nilinunua mimi."

"Najua."

"Sasa mbona hukuniuliza?"

"Mtu humuulizaje mama mkwe wake?" Alisema bila hata kuinua macho. Nikafikiri ananitania, nikaanza kuwaka. Nikamwambia yote. Masweta yaliyofumuliwa mbele yangu, mapaja, ufagio, mami, mami, mami. Nilipayuka, mimi mtu mzima. Mama aliniacha nimalize. Mama hujua kusubiri mtu aishiwe na pumzi.

"Wewe," akasema, "niliwahi kukuvisha uzi wa zamani?"

Nikatafuta mwaka wa kumrudishia. Sikuupata.

"Hata mwaka ule wa njaa nilikwenda mjini kwa miguu kutafuta uzi mpya wa sweta yako. Ningemvishaje mama mkwe masazo? Kiatu kipya, wewe. Kitabu kipya, wewe. Huyu nilimpa yaliyobaki kwa sababu mama wa mtu humwelewa mtu. Naye alinielewa, hakuwahi kusema kitu." Akaupapasa ule mkono uliokamilika. "Mama yangu mwenyewe alikufa hajavaa kitu kipya kutoka kwa mikono hii. Kila mwaka nikisema, mwaka ujao, mama ataelewa. Sasa nimebakiwa na sweta moja. Niambie wewe, ningempa nani?"

Begi langu la kazi lilikuwa kwenye korido, hatua kumi kutoka kwenye kiti changu, na bonge likiwa ndani. Ningeamka nilitoe. Badala yake nikakunja gauni zake na kuzipanga, moja juu ya nyingine, mpaka mlango ukafunguliwa na watoto wakaingia wakinuka moshi. Mpaka leo hilo ndilo linaloniuma kuliko kuiba.

Uwanja wa ndege mama aliagana na kila mtu, akaniacha mwisho. Akanivuta sikio karibu na mdomo wake, kama anayenipa baraka.

"Ule uzi ukipatikana," akasema, "mkono unaanza na vitanzi arobaini na vinne. Ukipita kifundo, ongeza kimoja kila upande baada ya mistari sita. Na usivute. Wewe huvuta sana."

Akaingia ndani na fimbo yake bila kugeuka. Nilisimama pale uso umenichoma.

Siku ya pili nikaenda Moseley nikamwambia mdogo wangu, "Nipe hiyo sweta niimalizie." Akanipa bila kuuliza nitaimalizia kwa uzi gani. Nikafuma wiki nzima. Saa ya chakula kazini, kwenye basi, asubuhi kabla ya chai. Na nilivuta. Kila nikikumbuka bega lile lilivyomkaa, kitanzi kilibana. Nikijiambia legeza, nalegeza vitanzi vitatu, cha nne kinabana tena. Mkono wangu ulipoisha nikaulaza kando ya mkono wa mama. Wangu ulikuwa mwembamba, mfupi kwa vidole viwili, mgumu. Mtu yeyote aliyewahi kushika sindano angejua watu wawili wamepita hapo, mmoja akiwa na furaha.

Niliipeleka hivyo hivyo. Mdogo wangu akaivaa mbele ya kioo cha koridoni. Kulia ilimteremka vizuri hadi kwenye kiganja. Kushoto ilimkaba, mfupa wa kifundo ukabaki nje.

"Haikukaa," nikasema. "Vua nifumue, niuanze upya."

"Usithubutu!" Alirudi nyuma, ameukumbatia ule mkono wa kushoto kwa wa kulia. Sijawahi kumsikia na sauti ile. "Unajua uzi uliofumuliwa haunyooki? Mama anaufua, anautundikia jiwe, bado unabaki na mawimbi. Mimi nimevaa mawimbi yako shule yote. Wewe ulikuwa unaingia shule kila Januari ukiwa mpya kutoka kichwa hadi kiatu, mimi nyuma yako nimevaa wewe wa mwaka jana. Nilikuchukia, Mkubwa. Nilikuwa naomba usikue." Akapumua. "Hii haijakuwa ya mtu. Na hakuna mtu ataifumua."

Kumbe miaka yote hiyo, mimi nikitazama mapaja, yeye alikuwa anatazama kola yangu.

Nikaona nitapasuka nikinyamaza. "Bonge lilikuwa kwangu," nikasema. "Nililiiba."

"Najua. Binti yangu alikuona ukilitia kwenye begi. Alituambia siku hiyo hiyo, mimi na mama."

"Sasa mbona ulinipigia simu kuniuliza?"

"Mama alisema nikupe mlango wa kutokea. Mama mkwe hashtakiwi, alisema, hurudisha mwenyewe." Akashusha sauti kwa sababu mtoto alikuwa juu ghorofani. "Ile simu ilikuwa kwenye spika, Mkubwa. Alikusikia ukisema ni watoto."

Ardhi ya Moseley haikupasuka. Nilipanda ngazi nikamwomba msamaha mtoto wa miaka saba, kwa Kiswahili, akiwa ameketi na zile makadamia za uongo mapajani. Alinijibu kwa Kiingereza kwamba ni sawa, ila nisirudie. Nikamwahidi.

Niliposhuka nilitoa uzi uliobaki kwenye lile bonge, kitu cha ukubwa wa chungwa, nikauweka mezani mbele ya mdogo wangu. Nilidhani nimefika mwisho wa kurudisha. Akauchukua, akaupima kiganjani, akaangalia ule mkono mfupi uliokuwa umemkaba. Kisha akanirushia kifuani.

"Kaa nao," akasema. "Hata wewe, mara moja maishani, pata masazo yangu."

Tulicheka. Nilicheka mpaka kukawa si kucheka tena, akanisugua mgongo, vile alivyomsugua mama kwenye sinki.

Uzi ule ulinitosha kofia ya marivini tu, na hata hiyo haifuniki masikio. Naivaa kila siku kwenda kazini. Majuzi kituo cha basi Northfield, yule mwenzangu aliyenielekeza duka la Stechford aliigusa, akaisifu rangi, akauliza ni ule uzi nilionunua siku ile ya mvua.

"La," nikamwambia. "Huu ni wa mdogo wangu."